Joto la Kompyuta Lisigeuke Joto la Watu
Somo kwa kamati za wakimbizi wa ndani na viongozi wa vijiji, Kibua



Somo letu la leo ni juu ya kompyuta ya mezani inayopata moto mpaka inazimika. Wengine watauliza: jambo hili linahusu nini na amani? Linahusu sana. Kibua na katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, kompyuta moja inaweza kubeba kazi ya watu mamia. Ndani yake mna orodha za familia zilizokimbia vita, majina ya watoto waliopotezana na wazazi, mihutasari ya vikao, na mapatano ya mashamba kati ya wenyeji na waliokuja. Siku inapozimika mbele ya watu wanaongoja majina yao yasomwe, kinachoharibika kwanza si mashine. Ni imani ya watu.

Somo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi: jinsi ya kujua kwamba kadi ya picha inapata moto kupita kiasi, na la kufanya. Ya pili ni ya kamati: jinsi ya kulinda orodha na kuwaeleza watu ukweli kabla uvumi haujatangulia.

1. UVUMI UNAVYOZALIWA

Tuchukue mfano. Kamati imeitisha watu saa tatu asubuhi ili kuhakiki orodha ya mgao. Jenereta inawaka, kompyuta inafunguliwa, na mwandishi anaanza kusoma majina. Baada ya nusu saa kioo kinajaa mistari ya rangi, kisha kinakuwa cheusi. Mwandishi anajaribu kuiwasha tena, inakataa. Kamati inasema, "Nendeni, mtarudi kesho."

Waliokwisha kusomwa wanakwenda kwa amani. Wasiosomwa wanabaki wakitazamana. Jioni mmoja anasema labda majina yamepotea. Mwingine anasema yamefutwa. Usiku unapoingia, habari imekuwa kwamba waliofutwa ni watu wa kilima fulani, na aliyefuta ni mtoto wa watu fulani. Kesho yake vijana wanamtafuta mwandishi.

Hapo hakuna aliyekusudia kusema uongo. Palikuwa na jambo lisiloelezwa, na kila mmoja alilijaza kwa hofu yake. Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika sehemu zetu, ambako watu wameumizwa mara nyingi, lisemwalo huja upesi. Ndiyo maana kiongozi anafaa kujua jambo dogo kama vumbi ndani ya kompyuta.

2. KADI YA PICHA NI NINI?

Ukifungua sanduku la kompyuta ya mezani, utaona ubao mkubwa uliolala ubavuni. Juu yake kuna ubongo wa mashine, unaofanya hesabu. Katika kompyuta nyingine kuna pia kadi ya pili iliyochomekwa kwenye ubao huo. Hiyo ni kadi ya picha. Wengi kwetu huiita karti grafiki. Kazi yake ni kutengeneza yote tunayoyaona kwenye kioo: maandishi, picha, filamu na michezo.

Kadi hiyo inakula umeme, na karibu umeme wote inaokula unageuka kuwa joto. Kadi ndogo za ofisi hazipiti wati 75. Kadi za michezo na za kutengeneza filamu hufika wati 150, 250, au hata kupita 300. Kadi ya wati 250 ni sawa na kufungia ndani ya sanduku balbu nne za zamani za wati 60, zote zikiwaka.

Joto hilo lina njia moja ya kutoka. Linatoka kwenye kijiwe cha kadi, linapita katika pati laini iliyopakwa juu yake, linaingia katika mapezi ya chuma, feni inalipeperusha, kisha hewa inalitoa nje ya sanduku. Pakiziba mahali pamoja tu, joto linabaki ndani. Kila tutakachofanya katika somo hili ni kutafuta mahali palipoziba.

Tukumbuke pia kwamba udongo wetu unahusika na vifaa hivi. Risasi ya kulehemu inayoshika vipande vya kompyuta hutengenezwa hasa kwa bati, na bati hutoka katika kasiterite kama ile inayochimbwa Bisie, Walikale. Vipande vidogo vya kutunza umeme hutumia mara nyingi tantalamu, inayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya, Masisi. Kitu kilichotolewa ardhini kwa jasho kiasi hicho hakifai kutupwa kwa sababu ya vumbi ambalo brashi ingeliondoa.

3. KWA NINI INAPATA MOTO KWETU?

Vumbi. Wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, vumbi la barabara linaingia kila mahali. Feni inalivuta na mapezi yanalishika. Baada ya miezi michache linakuwa kama blanketi.

Moshi. Ofisi iliyo karibu na jiko la makala au kuni inapata masizi yenye mafuta. Masizi yakichanganyika na vumbi hayapeperuki tena; yanaganda.

Mahali ilipowekwa. Wengi huficha kompyuta ndani ya kabati kwa kuogopa wezi, au huisukuma ukutani, au huifunika kitenge ikiwa inafanya kazi. Hewa ya moto haina pa kutokea, na feni inairudisha ndani ileile.

Mabati. Chumba cha mabati kisicho na dari kinapata moto sana mchana wa jua. Mashine inapozwa kwa hewa ya chumba, kwa hiyo haiwezi kuwa baridi kuliko chumba.

Mwinuko. Katika mita 1,800 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Hata kama sisi tunaona baridi, feni inapaswa kufanya kazi zaidi.

Kuwaka na kuzima. Jenereta ikiwashwa kwa saa tatu, tunafanya kazi zote kwa haraka. Kisha mashine inapoa mpaka kesho. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa. Mwisho wake maungio madogo hupasuka. Hata viwanda vikubwa vimepatwa na jambo hili: mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya vijiwe vya picha vya kompyuta za kubeba, ambavyo vilikuwa vikiharibika kwa sababu ya udhaifu wa namna hiyo.

4. DALILI, NA JINSI YA KUPAMBANUA

Kadi inayopata moto kupita kiasi hutoa dalili kabla ya kufa:
- feni inapiga kelele kubwa kuliko kawaida;
- kioo kinaonyesha mistari, madoa au rangi za ajabu;
- picha inakwama, au mashine inakuwa nzito;
- kioo kinakuwa cheusi huku feni bado zikizunguka;
- mashine inajizima, kisha inakubali kuwaka baada ya kupumzika.

Lakini si kila kuzimika ni joto. Jiulize: ilizimika baada ya muda gani? Ikiwa inakwenda vizuri dakika 20 au 30 kisha inazimika, na ikipoa inawaka tena, huenda ni joto. Ikiwa inazimika papo hapo ingali baridi, tazama kwanza umeme: waya, stabilaiza, betri ya sola, au kisanduku cha umeme cha kompyuta. Ikiwa inazimika kila mara jenereta inapobadili sauti, tatizo liko kwenye jenereta. Ikiwa kioo ni cheusi tangu mwanzo, hakikisha kwamba waya wa kioo umekazwa.

Unaweza pia kupima joto bila kufungua chochote. Katika Windows 10 ya mwaka 2020 na za baadaye, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Fungua ukurasa wa utendaji, na chini ya jina GPU utaona digrii, ikiwa kadi na programu yake zinakubali. Kwa Windows za zamani kuna programu isiyolipiwa iitwayo HWMonitor. Kwa kadi nyingi, hesabu hizi zinatosha:
- digrii 30 hadi 50 mashine ikiwa imetulia: ni vizuri;
- digrii 60 hadi 85 ikiwa na kazi nzito: ni kawaida;
- kupita digrii 90: simamisha kazi, hifadhi maandishi, zima.

Andika kipimo hicho katika daftari mara moja kwa wiki. Kikipanda wiki kwa wiki na kazi ni ileile, vumbi linajaa. Utajua kabla ya siku ya mgao.

5. KUSAFISHA, HATUA KWA HATUA

Unahitaji bisibisi, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, kitambaa kikavu na pampu ya baiskeli.

Kwanza, hifadhi nakala ya orodha zote kwenye flashi. Usianze kabla ya hapo.

Pili, zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Ngoja robo saa ipoe.

Tatu, fungua ubavu wa sanduku. Gusa chuma tupu cha sanduku kwa mkono kabla ya kugusa kadi, na rudia mara kwa mara. Mwili wetu unabeba umeme mdogo ambao hatuusikii, lakini unaweza kuua kadi.

Nne, piga picha kwa simu, ili ujue kila waya ulikuwa wapi.

Tano, chomoa waya wa umeme wa kadi kama upo, fungua skrubu inayoishika nyuma, bonyeza kifungio kidogo mwishoni mwa tundu lake, na uivute taratibu ikiwa imenyooka. Ishike kwenye kingo.

Sita, zuia feni kwa kidole isizunguke, kisha brashi na pampu ziondoe vumbi katika mapezi. Fanya kazi hii nje, na ufunike pua. Safisha pia feni nyingine na matundu ya sanduku.

Saba, zungusha feni kwa kidole. Ikiwa inakwenda laini, ni nzima. Ikiwa inakwaruza au inasimama mara moja, imechoka na inapaswa kubadilishwa.

Nane, rudisha kadi mpaka kifungio kilie, kaza skrubu, rudisha waya, washa, na upime joto tena.

Ikiwa feni ni nzima, vumbi limeondoka, na bado joto linapita kiasi, huenda pati imekauka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu. Atafungua mapezi kwa kulegeza skrubu kwa msalaba, afute pati ya zamani kwa alkoli safi, aache pakauke kabisa, na aweke pati mpya kidogo tu. Nyingi si nzuri kuliko kidogo.

6. MAMBO YA KUKATAA

- Usisafishe kwa maji, petroli au lutuku. Lutuku ina maji na uchafu unaobaki.
- Usipulize kwa kinywa. Mate yanaingia.
- Usitumie kompresa ya wanaojaza matairi. Nguvu yake ni kubwa mno, na mara nyingi inatoa maji.
- Usipake dawa ya meno, vazlini au grisi mahali pa pati.
- Usikubali kadi iokwe juu ya jiko ili "ifufuke". Wapo wanaojaribu. Ikiamka, ni kwa muda tu, na moshi wake ni sumu kwa watoto.
- Usiache sanduku wazi siku zote. Linaweza kuokoa kazi ya siku moja, lakini panya, mende na vumbi vitaingia, na mtoto anaweza kutia kidole.

7. JE, MNAIHITAJI KADI HIYO?

Kompyuta nyingi zinazofika kwetu zimekwisha kutumiwa kwingine. Nyingine zilikuwa za michezo au za filamu, na zina kadi kubwa inayokula umeme bure. Kuandika orodha na barua hakuhitaji kadi ya namna hiyo.

Tazama nyuma ya sanduku. Ikiwa kuna tundu la pili la waya wa kioo, lililo kwenye ubao mkubwa wenyewe, huenda ubongo wa mashine una uwezo wake wa kutoa picha. Zima, chomoa umeme, ondoa kadi, unganisha kioo kwenye tundu hilo, washa. Picha ikitokea, mmeondoa chanzo cha joto na kupunguza mzigo wa betri za sola. Isipotokea, rudisha kadi: si kila ubongo una uwezo huo. Zile za Intel ambazo namba zake zinaishia kwa herufi F, kwa mfano, hazina.

Ikiwa mnaihitaji, kama katika redio ya kijamii inayotengeneza vipindi vya picha, basi punguzeni kazi: filamu na michezo visichezwe kwenye mashine ya orodha. Na mkinunua kadi iliyotumika, iwasheni mbele ya muuzaji kwa nusu saa nzima kabla ya kulipa. Mwezi wa 9 mwaka 2022 mfumo wa fedha za mtandaoni wa Ethereum uliacha kutumia kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Uso wake unaweza kung'aa huku feni yake imechoka.

8. KAZI YA KAMATI

Mashine yoyote inaweza kufa, hata iliyosafishwa. Kwa hiyo kamati ijiandae hivi.

Kuweni na nakala. Orodha iwe kwenye flashi mbili, zinazotunzwa na watu wawili wa jamii mbalimbali, mmoja mwenyeji na mmoja mkimbizi wa ndani. Kabla ya siku ya mgao, chapeni nakala ya karatasi, na wajumbe waitie sahihi kila ukurasa.

Lindeni majina. Orodha ya watu ni kitu cha hatari ikiingia mikononi mwa wenye silaha. Flashi na kompyuta ziwe na neno la siri. Karatasi ya majina iwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Itakayobandikwa ukutani iwe na namba za jetoni tu. Kubalianeni mapema: tukilazimika kukimbia tena, nani anabeba, na nini kichomwe.

Semeni mapema. Mashine ikizimika mbele ya watu, mwenyekiti asimame kabla hawajatawanyika, aseme mambo matatu: kilichotokea, kilichobaki salama, na saa ya kuendelea. Kwa mfano: "Kompyuta imepata moto. Majina yenu yapo kwenye karatasi hii yenye sahihi. Tunaendelea kusoma sasa kwa karatasi." Maneno machache kama hayo yanaweza kuokoa usiku mzima wa uvumi. Kama hajui bado kilichotokea, aseme hivyo, na aseme ni lini atajua.

Fungueni sanduku mbele ya mashahidi. Fundi asifanye kazi peke yake usiku. Wawepo mwakilishi wa wakina mama, wa vijana, wa wenyeji na wa wakimbizi. Waone vumbi kwa macho yao. Bei ya matengenezo isomwe hadharani, na kadi ya zamani ionyeshwe.

Msimshtaki mtu kabla ya kutazama mashine. Mwandishi anayepiga orodha ni kijana wa watu, na anaishi kati yetu. Akishukiwa bure leo, kesho hakuna atakayekubali kazi hiyo, na jamii yake nayo itahesabu deni. Ikiwa kweli majina yamebadilishwa, nakala yenye sahihi itaonyesha, na jambo litapelekwa barazani kwa utulivu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kompyuta ya kijiji chetu iko wapi, na hewa yake inatokea wapi?
2. Ikifa leo, ni orodha zipi ambazo hazina nakala?
3. Nani wawili tunaowaamini watunze flashi? Je, kila jamii inakubali?
4. Mara ya mwisho uvumi ulipotokea kwetu, watu walikosa kuelezwa nini?
5. Nani atapima joto kila wiki na kuandika katika daftari?

Tunashauri swali la pili lijibiwe kabla kikao hakijafungwa, na nakala zianze kutengenezwa siku hiyohiyo. Brashi inaweza kungoja mpaka kesho; orodha isingoje.